Chungu cha Ufipa: Historia ya Nguruwe, Pombe ya Ulezi na Pilipili

Nyama ya nguruwe, maharage, pilipili na pombe ni vitu vinne ambavyo mpishi wa leo mkoani Rukwa huvipata bila kwenda mbali. Vikikutana jikoni au kilabuni huonekana kana kwamba vimekuwa pamoja tangu enzi za mababu, lakini kila kimoja kilifika Ufipa kwa njia yake na kwa wakati wake. Pombe ya ulezi ni ya kale kuliko vyote. Maharage na pilipili asili yake ni Amerika, na viliingia bara la Afrika baada ya Wareno kufika pwani. Nguruwe wa kufugwa ndiye mgeni wa mwisho, aliyekuja katika zama za misheni na ukoloni. Kilichomfunga nguruwe na pombe hapa ni uchumi wa kaya zaidi ya mapishi: mama anayepika pombe hubaki na machicha, na machicha hunenepesha nguruwe.

Uwanda wa juu na bonde

Ufipa ni uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huko ni wa baridi kali. Upande wa mashariki uwanda hukatika ghafla kwenye ukingo mrefu uitwao Lyamba lya Mfipa. Chini ya ukingo huo, mita 800 na kidogo juu ya bahari, limelala bonde lenye joto. Mtowisa ni mojawapo ya kata za bondeni, pamoja na Muze, Milepa, Ilemba, Kipeta na Zimba.

Nchi hizi mbili zimetegemeana kwa muda mrefu. Bondeni hutoka mpunga, ufuta, mihogo na samaki. Juu hutoka ulezi, maharage na mahindi. Tofauti ya kimo ni tofauti ya magonjwa pia. Uwanda wa juu, wenye baridi na miti michache, haukuwa makazi mazuri ya mbung'o, ilhali mapori ya nchi za chini yaliwahifadhi. Jambo hilo liliamua ni wapi mifugo ingeweza kuishi, nguruwe wakiwemo.

Kisiasa, Ufipa ya karne ya 19 ilikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, na kabla yake palikuwa na utawala wa Milansi, ulioheshimiwa kama chimbuko la nchi. David Livingstone alipita pande za Tanganyika za nchi hiyo mwaka 1872, miezi michache kabla ya kufa kwake. Mwaka 1880 Joseph Thomson aliliona Ziwa Rukwa na kuliita Leopold, jina ambalo halikudumu.

Ulezi, jembe na kimea

Ulezi ni nafaka iliyoanza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Punje zake ni ndogo na ngumu kiasi kwamba wadudu waharibifu wa ghalani hawaziwezi kwa urahisi, hivyo zikikaushwa vizuri hukaa miaka mingi. Kaya yenye ulezi ghalani ilikuwa na akiba ya njaa, na pia ilikuwa na uwezo wa kuita watu.

Wafipa waliulima ulezi kwa utaratibu wa matuta unaojulikana sana katika maandishi ya kilimo ya Tanzania. Mvua zikielekea kuisha, majani yalikatwa, yakakusanywa na kufunikwa kwa udongo hadi yakafanyika matuta makubwa ya mviringo. Majani yalioza humo na kuwa mbolea, na juu ya matuta yakapandwa maharage. Msimu uliofuata matuta yalitawanywa na ulezi ukasiwa. Kwa njia hiyo ardhi isiyokuwa na rutuba nyingi iliweza kulisha watu bila kuhamahama kila baada ya mavuno machache, na zao la kigeni, maharage, likapata nafasi yake ndani ya mfumo wa zao la kienyeji.

Matuta hayo yalihitaji majembe, na Ufipa ilikuwa nchi ya wafua chuma. Tanuri zao ndefu za udongo, malungu, zilizidi kimo cha mtu na ziliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti. Mabaki yake bado yamesimama katika maeneo mbalimbali ya uwanda. Mmisionari Wyckaert aliandika kuhusu wafua chuma hao mwaka 1914, Greig akaandika mwaka 1937, na baadaye mwanaakiolojia Bertram Mapunda akaichunguza kazi hiyo kwa kina. Majembe ya viwandani yalipoenea katika zama za ukoloni, tanuri zilizimwa. Kilimo cha ulezi kiliendelea kwa jembe la dukani.

Sehemu kubwa ya ulezi iligeuzwa pombe. Punje hulowekwa, hutandazwa mahali penye unyevu hadi ziote, kisha huanikwa na kusagwa: huo ndio kimea. Ulezi ulioota una nguvu kubwa ya kugeuza wanga kuwa sukari, na ndiyo maana kimea chake hupendwa hata pale unga mkuu wa pombe unapokuwa wa mahindi. Uji mzito wa unga hupikwa, hupoozwa, hutiwa kimea na kuachwa uchachuke. Hatua za kwanza hutoa kinywaji kitamu kisicholevya, togwa. Siku kadhaa baadaye huwa pombe, nzito, yenye chachu na kileo kidogo, ambayo haikai zaidi ya siku chache kabla ya kuharibika. Katika nyanda za kusini magharibi, Rukwa ikiwemo, ipo pia kimpumu: ulezi uliochachuka hutiwa maji ya moto chomboni na kunywewa kwa mirija, kisha huongezwa maji tena hadi nguvu yake iishe.

Kwa kuwa haikai, pombe hupikwa kwa tarehe na kwa sababu. Harusi, matanga, kupokea wageni na tambiko vilikuwa na pombe yake. Kazi ya shamba nayo ilikuwa na ya kwake: mwenye shamba alitangaza siku, majirani wakaja na majembe, matuta yakainuliwa kwa pamoja, na jioni mitungi ikafunguliwa. Aliyekosa mtu wa kumpikia pombe alikosa pia watu wa kumlimia. Upishi huo ulikuwa kazi ya wanawake, na ujuzi wa kupima uoto wa kimea na joto la uji ulirithishwa kutoka kwa mama na shangazi.

Chumvi, maharage na pilipili

Kitoweo kinahitaji chumvi, na kusini mwa Ziwa Rukwa palikuwa na chanzo maarufu cha chumvi, Ivuna. Uchimbuzi uliofanywa huko na Brian Fagan, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1968, ulionyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi kutokana na maji ya chemchemi tangu takriban karne ya 13. Maji hayo yalichemshwa katika vyungu hadi yakauke. Vigae vya vyungu hivyo ni ushahidi kwamba kuchemsha kitu kwa saa nyingi juu ya moto wa kuni ni ufundi wa kale katika eneo hili.

Pilipili, maharage ya kawaida, mahindi na nyanya vyote asili yake ni Amerika. Wareno, waliofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, walikuwa miongoni mwa wasambazaji wakuu wa mazao hayo. Kutoka pwani na kutoka upande wa Kongo, mbegu zilipita mkono kwa mkono na baadaye kwa misafara ya biashara ya karne ya 19. Pilipili kichaa haikuhitaji mkulima hodari: ndege hula tunda bila kuhisi ukali wake na kuitawanya mbegu, na mche huota kando ya nyumba. Maharage yalipokelewa kwa heshima zaidi, kwa kuwa uwanda wa Ufipa wenye baridi uliyafaa. Leo Rukwa hutajwa miongoni mwa mikoa inayolima maharage kwa wingi nchini.

Kuja kwa nguruwe

Kabla ya nguruwe wa kufugwa, watu wa Ufipa walimjua nguruwe pori na ngiri. Wa kwanza ni adui wa mashamba, huingia usiku na kufukua mihogo na viazi. Kumwinda kulikuwa kulinda mazao na kupata kitoweo kwa wakati mmoja.

Nguruwe wa kufugwa aliingia nyanda za juu za Tanganyika kupitia misheni na walowezi. Huku magharibi misheni zilizotia mizizi ni za Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kwa kanzu zao kama Mapadri Weupe. Mwaka 1885 walikabidhiwa kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika kaskazini mwa Ufipa, kilichokuwa cha Wabelgiji. Chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikarieti ya Tanganyika tangu 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, misheni zilisambaa ndani ya Ufipa; Zimba, Kate na Mwazye ni miongoni mwa zile za zamani. Vituo hivyo vilitakiwa kujilisha, hivyo vilikuwa na bustani, mifugo na karakana. Jimbo la Karema lililozaliwa kutokana na vikarieti hiyo lilipewa jina la Sumbawanga mwaka 1969.

Dini ilikuwa na uzito wake katika historia ya nyama ya nguruwe na pombe. Uislamu ulikuwa na waumini katika vituo vya biashara vya ukingo wa Tanganyika, nao unaharamisha nguruwe na kileo. Waadventista Wasabato hukataza vyote viwili vilevile. Ukatoliki, ambao ndio uliotawala Ufipa, haukukataza kimojawapo. Ulihimiza kiasi katika kunywa. Katika nchi ya Wakatoliki wengi, nguruwe hakuwa na kizuizi cha mwiko, na pombe ya ulezi haikulazimika kujificha.

Vizuizi vya nguruwe vilikuwa vya magonjwa. Nagana aina ya Trypanosoma simiae, inayoenezwa na mbung'o, humwua nguruwe wa kufugwa kwa siku chache, ilhali ngiri huishi nayo bila dalili. Homa ya nguruwe ya Afrika nayo ina asili hiyohiyo ya porini. Iliandikwa kisayansi kwa mara ya kwanza na R. E. Montgomery nchini Kenya mwaka 1921, na baadaye ilibainika kwamba virusi vyake huzunguka kati ya ngiri na kupe aina ya papasi. Haina tiba, na ikiingia kijijini inaweza kumaliza mazizi yote. Bonde la Rukwa, lililopakana na mapori ya wanyama, lilikuwa mahali pagumu zaidi kwa nguruwe kuliko uwanda wa juu.

Aliyeweza kumtunza hata hivyo alipata faida ya haraka. Nguruwe jike huzaa watoto wengi kwa mara moja na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Hana haja ya malisho mapana wala mchungaji. Hula pumba za mahindi, maganda, mabaki ya jikoni na machicha ya pombe. Hapo ndipo mzunguko ulipokamilika. Mama mwenye kilabu aliuza pombe, akamlisha nguruwe kwa kilichobaki, na nguruwe akawa akiba ya karo, ya dawa au ya sikukuu. Nyama nayo ilirudi kilabuni kuuzwa kwa wanywaji.

Kilabu, sheria na chupa

Chini ya Wajerumani, Ufipa ilitawaliwa kutoka Bismarckburg, leo Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umeweka mipaka ya kuingiza pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na Waingereza waliopokea Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza msimamo wa kuwazuia Waafrika kunywa pombe kali. Pombe ya nafaka haikupigwa marufuku, iliwekewa leseni. Katika miji midogo uuzaji ulisogezwa kwenye vilabu vinavyokaguliwa, na ada zake zikawa chanzo cha mapato ya serikali za wenyeji. Kinywaji kilichokuwa malipo ya jembe kikawa bidhaa ya fedha taslimu.

Baada ya Uhuru utaratibu huo uliwekwa upya katika Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, iliyotenganisha leseni za pombe za kienyeji na za vinywaji vya viwandani. Bia ya chupa ilikuwa imeanza kutengenezwa Nairobi mwaka 1922 na Dar es Salaam katika miaka ya 1930, lakini kwa Ufipa umbali ulikuwa ukuta. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ilipita Mbeya na Tunduma bila kugusa Sumbawanga. Mkoa wa Rukwa ulikuwa ndio kwanza umeanzishwa, mwaka 1974, na barabara yake ya kutoka Tunduma ilikuwa ya vumbi na tope. Mabadiliko makubwa yalikuja ilipowekwa lami, kazi iliyofadhiliwa na shirika la Marekani la MCC katika mpango wa 2008 hadi 2013. Bia iliyotengenezwa Mbeya ikafika kwa saa chache, na nguruwe wa Rukwa wakawa na njia rahisi ya kwenda masoko ya mbali.

Wakati huohuo mijini nyama ya nguruwe ilikuwa imepata sura mpya chini ya jina la kitimoto. Mabanda yake huuza kwa kilo au nusu kilo, nyama ikikaangwa au kufanywa rosti kwa kitunguu, nyanya, karoti na hoho, kisha huletwa na ndizi za kukaanga au ugali, kachumbari, limao na pilipili. Biashara hiyo haikukosa misukosuko: mwezi Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa jijini Dar es Salaam. Utaratibu uliozoeleka nchini ni wa kumpa nguruwe bucha lake, visu vyake na jiko lake, ili wasiomla wasitiliwe shaka katika chakula chao.

Chungu cha ng'ambo

Kitoweo kinachokutanisha vitu kama hivi katika chungu kimoja kipo Marekani, kwa jina la chili: nyama, pilipili, mara nyingi maharage na nyanya, huchemshwa hadi vichanganyike kuwa mchuzi mzito, na wapishi wengi humimina bia ndani yake. Chimbuko lake maarufu ni Texas. Katika viwanja vya mji wa San Antonio, tangu miaka ya 1880, wanawake wenye asili ya Meksiko waliuza chili usiku kwa taa za mafuta, hadi kanuni za afya zilipowaondoa kati ya mwisho wa miaka ya 1930 na mwanzo wa miaka ya 1940. Maonyesho ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893 yaliitangaza zaidi.

Safari za viungo vya vyungu hivi viwili zilipishana. Amerika ilikuwa na pilipili, maharage na nyanya, ikampata nguruwe kutoka Ulaya katika safari ya pili ya Columbus, mwaka 1493. Ufipa ilikuwa na kimea, chumvi na chungu, ikapokea pilipili na maharage kwanza, na nguruwe mwishoni.

Hata chombo cha kupikia kina historia yake. Sufuria ya umeme ya kupika polepole ilibuniwa na Irving Naxon wa Chicago, aliyepewa hataza mwaka 1940, kwa kusudi hasa la kupika maharage. Kampuni ya Rival iliinunua kazi yake na kuanza kuiuza kwa jina la Crock-Pot mwaka 1971. Ndani yake mna bakuli zito la kauri linalotunza joto, kazi ileile ambayo chungu cha udongo hufanya juu ya mafiga.

Moto mdogo na sababu zake

Nyama ya bega, shingo na miguu ya nguruwe imejaa nyuzi ngumu. Nyuzi hizo huanza kulainika joto likizidi nyuzi 70 za Selsiasi, na huhitaji saa kadhaa kugeuka kuwa utelezi unaofanya mchuzi uwe mzito. Moto mkali hukausha nyama kabla ya kazi hiyo kukamilika. Kwa sababu hiyo kuni huondolewa baada ya chungu kuchemka na makaa pekee yakaachwa.

Kimo nacho kina neno lake. Bondeni Mtowisa maji huchemka karibu na nyuzi 97. Sumbawanga huchemka karibu na 94. Tofauti hiyo ndogo hurefusha muda wa maharage kuiva huko juu, mahali ambapo kuni ni adimu zaidi. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha hupunguza gharama hiyo. Huchemshwa kwanza peke yake kwa moto mkali, kwa maana maharage, hasa mekundu, yana lektini, sumu inayoumiza tumbo na isiyokufa kwa joto dogo. Dakika 10 za kuchemka kwa nguvu huiondoa. Sufuria ya umeme ya kupika polepole haifai kwa hatua hiyo. Nyanya na pombe hutiwa maharage yakishalainika, kwa kuwa uchachu hukaza maganda yake. Bia ya chupa huacha uchungu wa hopsi mchuzini. Pombe ya ulezi haina hopsi, huacha uchachu na uzito wa nafaka. Desturi ya Ufipa imeiweka pombe kando ya nyama, katika kata au mirija, zaidi ya kuimimina chunguni.

Sababu nzito kuliko zote za kuchemsha kwa muda mrefu ni tegu wa nguruwe, Taenia solium. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu hupata malengelenge ya tegu katika nyama, na mtu anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu yakimwingia mtu kwa maji au mikono michafu, malengelenge yanaweza kuota kwenye ubongo na kuleta kifafa. Tafiti zilizofanywa Mbozi, jirani na Rukwa, na Mbulu zimeukuta ugonjwa huu kwa nguruwe na kwa watu. Desturi ya kuwafungia nguruwe wakati wa mazao na kuwaachia baada ya mavuno ni mojawapo ya mambo yanayouendeleza. Kinga yake ni banda la kudumu, choo, ukaguzi wa nyama na moto wa kutosha. Nyama ikikatwa vipande vidogo na kuchemka chunguni kwa saa nzima, malengelenge hufa hadi katikati. Pande kubwa lililochomwa juu juu laweza kuyaacha hai.

Virusi vya homa ya nguruwe havimdhuru binadamu, lakini huendelea kuishi katika nyama mbichi au isiyoiva na kurudi zizini kupitia mabaki ya jikoni. Mpishi anayechemsha nyama barabara, kisha akachemsha tena makombo kabla ya kumlisha nguruwe pamoja na machicha, hulinda kaya yake pamoja na zizi la jirani.